Moshi Ambao Haukutoka

Mama mdogo Harkamaya anasema yule mkaguzi alipiga magoti mbele ya jiko lake. Anasema alipiga magoti kama watu wanavyopiga hekaluni, akaligusa jiko kwa kidole, akakitazama kidole, akaligusa tena upande wa pili, halafu machozi yakamlengalenga. Ikiwa anayesikiliza ni mtu wa kitongoji kingine, machozi hayalengilengi tena, yanatiririka kabisa.

"Kijana wa watu!" anasema. "Kazaliwa Kathmandu, kakulia kwenye sakafu za vigae, lakini jiko safi kama langu hajawahi kuliona. Alishindwa hata kusema. Akaandika tu."

Haya anayasimulia chini kwenye chemchemi, tukiwa tumepanga foleni na mitungi yetu ya shaba. Hakuna anayembishia. Maji yanatoka kwa kujivuta, foleni ni ndefu, na mtu akimbishia mama mdogo Harkamaya foleni inakuwa ndefu zaidi.

Mimi nilikuwepo. Nilisimama mlangoni nimemshikia mkaguzi kofia yake ya pikipiki, na nilimwona vizuri. Kweli alipiga magoti. Kweli alitia kidole. Machozi nayo yalikuwepo, ila yalitokana na achari ya figili aliyolishwa kwenye nyumba ya kwanza, ambayo Mwenyekiti wetu Suntali aliitia pilipili kwa mkono wa mtu asiyetaka mgeni amsahau. Kile kidole kilikuwa kinatafuta masizi. Au mafuta, au tone la chai lililokaukia, chochote cha kuonyesha kwamba jiko lile linapikiwa. Hakikupata kitu. Na mimi nimesoma shule ya msingi tu, lakini maandishi yakiandikwa polepole nayasoma hata kama yamegeuzwa juu chini. Kwenye simu yake pana kama sahani aliandika: Jiko halitumiki.

Nilihisi kama mtungi umeniponyoka njiani.

Kila nyumba ya kijijini kwetu yenye nyati wa maziwa ina shimo la saruji nyuma ya zizi. Asubuhi unatia kinyesi na maji, unazungusha mpini mpaka vichanganyike, tope linashuka, na huko chini linachacha lenyewe na kutoa gesi inayokwenda kwa bomba hadi jikoni. Watu wa shirika walipokuja kutushawishi tuchimbe mashimo hayo, sehemu hiyo tuliielewa bila shida. Kinyesi tunakijua. Iliyotushinda ni sehemu ya pili. Walisema ng'ambo kuna makampuni yanayotoa moshi kupita kiasi, na kwamba makampuni hayo yatatulipa sisi kwa ajili ya moshi ambao hatutautoa tukiacha kupikia kuni. Wenyewe wanaiita biashara ya hewa ukaa.

Babu Jagbir, mwanajeshi mstaafu, ambaye mikutanoni hukaa mstari wa mbele ili akione vizuri anachokwenda kukipinga, alinyoosha mkono.

"Mwanangu, hao watu wanautaka moshi wetu?"

"Hapana, babu. Wanalipia ule ambao haukutoka."

"Ambao haukutoka."

"Ndiyo, babu."

"Basi mimi nyumbani nina chupa ya pombe, raksi kali, ambayo tangu asubuhi sijainywa. Nani hapa ananunua?"

Mkutano ulivunjikia hapo, watu wanashikilia mbavu. Lakini mashimo tulichimba. Serikali ilitoa kidogo, chama chetu cha akina mama, anachokiongoza Mwenyekiti Suntali, kikatukopesha kidogo, na kilichobaki tulikilipa kwa migongo, tukipandisha mchanga kutoka mtoni. Na mwaka juzi pesa ya moshi ikaja kweli. Haikuja mkononi mwa mtu, ilikuja kwenye akaunti ya chama. Kikao cha kuamua itumikeje kilikuwa kifupi kuliko vikao vyetu vyote, kwa sababu kila aliyesimama alisema neno moja, maji, akakaa.

Kijiji chetu kiko juu mgongoni mwa mlima na chemchemi iko chini kabisa bondeni. Kushuka unaimba. Kupanda huna pumzi ya kuimba. Mtungi unauweka kwenye tenga mgongoni na uzito wote unaning'inia kwenye mkanda uliopita kichwani. Mimi niliolewa hapa nikiwa na paji la uso laini kama la mtoto. Sasa lina mfereji. Mume wangu, aliyeko Katari anakofunga vyuma vya maghorofa, akipiga simu ya picha huniambia nishushe mtandio kidogo. Mimi humwambia mvua ikinyesha naweza kukinga maji kwa kichwa, naye hucheka.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ilinunua mabomba. Yapo hadi leo, ya buluu, yamelala uani kwa Mwenyekiti Suntali, na kuku wake wamekubaliana kwamba katikati yake ndipo mahali pa kutagia. Pesa ya pili ilikuwa ya pampu ya nguvu za jua. Halmashauri ya wilaya ilikuwa imeahidi kuleta nusu ya bei tukileta nusu, lakini ahadi yao ina mwisho. Mwaka wa serikali ukifungwa kabla hatujaleta yetu, nusu yao inarudi ilikotoka. Na nusu yetu isingetoka ng'ambo mpaka aje mkaguzi kuthibitisha kwamba ule moshi kweli haukutoka.

"Anatoka Kathmandu mpaka huku," alisema Babu Jagbir, "kuja kuangalia kitu ambacho hakipo. Kazi nzuri sana hiyo. Mkisikia nafasi nyingine mniambie."

Simu ya kutuarifu ilipopigwa, Mwenyekiti alituita wote uani kwake, akapanda juu ya mabomba yake ili aonekane.

"Jamani, mgeni anakuja kesho kutwa. Mgeni wa ofisi. Anaingia mpaka jikoni, mnanisikia? Jikoni! Sitaki aibu."

"Aibu gani, Mwenyekiti?" aliuliza mama mdogo Harkamaya, aliyekuwa ameshaudhika kwa wazo tu kwamba mtu angefikiria jikoni kwake kuna aibu.

"Nasemea wengine, si wewe. Sitaki kuona masizi. Sitaki kuona mavi. Sitaki kuona nyati na matope yake."

Ndugu yangu msomaji, kwetu mgeni akija tunasiliba. Hiyo haihitaji mwenyekiti. Unachanganya udongo mwekundu na kinyesi kibichi cha ng'ombe, unachovya kitambaa, unasiliba sakafu, kuta, kizingiti, na jiko lenyewe juu hadi chini, mpaka nyumba inanukia kama mvua ya kwanza. Mama zetu walisiliba, na mtu ambaye mgeni amemkuta hajasiliba anasemwa mpaka wajukuu.

Basi tulisiliba siku mbili. Majiko ya gesi tuliyasugua kwa majivu na nyuzi za mahindi mpaka yakawa yanarudisha sura ya mtu. Mama mdogo Harkamaya lake alilivika shada la maua ya manjano. Tope linalotoka upande wa pili wa shimo, lile linalofaa sana kwa mbolea, tulilizoa lote tukalibeba mashambani, na matundu tukayafunika kwa matawi mabichi. Nyati tuliwaogesha, tukawapeleka malishoni ng'ambo ya kilima ili wasitutie aibu kwa kunya mbele ya mgeni. Hata zizi tulilifagia. Ungefika kijijini kwetu siku ile ungeapa kwamba hakuna mnyama aliyewahi kukanyaga hapo.

Halafu kuna chakula. Mgeni wa ofisi hawezi kulishwa ugali wa ulezi na mboga iliyokaushwa. Alichinjwa jogoo, wakachinjwa wawili, likatafutwa lile sufuria la harusi. Sufuria la harusi halikai kwenye jiko la gesi. Ni kama kumweka nyati juu ya kigoda. Tukapanga mafiga matatu nje, uani kwa Mwenyekiti, tukasukumia magogo. Na kwa kuwa moto ulikuwa tayari unawaka vile, kila nyumba ikaleta sufuria yake hapo hapo, wali hapa, dengu pale, maziwa kando. Nani angewasha jiko ndani akalichafue baada ya kulisugua vile?

Mkaguzi alifika saa nne, kijana mwembamba mwenye miwani, aitwaye Bwana Sthapit. Akiwa bado yuko kwenye kona ya chini alishaona moshi wetu. Niliteremka kumpokea na kumbebea mkoba, maana Mwenyekiti alikuwa amenipa kazi ya kumwongoza. Alisema mimi ninafaa kwa sababu sisemi sana. Mgeni alizima pikipiki, akainua uso kutazama ule mnara mweusi uliosimama juu ya kijiji chetu.

"Dada, kuna msiba?"

"Hapana, kaka. Tunakupikia wewe."

Alinitazama kidogo. Akatoa simu yake pana, akaupiga picha.

Nyumba za kukaguliwa zilikuwa tatu, zimechaguliwa na ofisi huko huko kwao: kwa Mwenyekiti, kwetu, na kwa mama mdogo Harkamaya. Kwa Mwenyekiti aliinama kwenye kile kisaa kidogo kilichofungwa kwenye bomba kuonyesha gesi imefika wapi. Mshale ulikuwa umelala mwisho kabisa upande wa kujaa.

"Gesi imejaa," alisema.

"Imejaa sana!" Mwenyekiti alijibu kwa fahari. "Kwetu haiishi."

"Leo mmepikia nini, mama?"

"Leo? Leo tumepikia nje, mwanangu. Ndani tusichafue. Onja achari."

Kwetu, mama mkwe alimfungulia mlango akimwonyesha jiko kwa mikono miwili, kama anayemtoa bibi harusi. Mkaguzi akauliza tope liko wapi. Mama mkwe akasema, kwa sauti ya chini kwa sababu ni jambo la aibu, kwamba tumelitoa lote, asiwe na wasiwasi, hatalisikia hata harufu. Akauliza nyati yuko wapi. Mama mkwe akasema nyati yuko mbali, mbali sana, asiogope. Kila jibu lilimfanya mkaguzi aguse simu yake, na kila alipoigusa mama mkwe alinikonyeza kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Mimi tangu kwa Mwenyekiti nilikuwa naangalia uso wa yule kijana. Haukuwa uso wa mtu anayefurahishwa. Ulikuwa uso wa mtu anayeletewa chai ya chumvi nyumba ya tatu mfululizo na hataki kuwavunja moyo wenyeji. Nilipoyasoma yale maneno kwa mama mdogo Harkamaya ndipo nikaelewa. Usafi wetu wote ule, kwenye simu yake, ulikuwa unageuka kuwa majiko yasiyotumika, mashimo yasiyo na kinyesi, na kijiji kinachopika kwa magogo.

Mgeni alipokaa kula nilimvuta Mwenyekiti nyuma ya nyumba, penye mabomba.

"Shangazi, tumeharibu."

"Tumeharibu nini? Chumvi imezidi?"

"Ameandika majiko hayatumiki."

"Nani? Huyu huyu anayekula paja la kuku wangu?"

"Huyu huyu. Shangazi, jiko linalong'aa vile lina tofauti gani na la dukani? Gesi imejaa kwa sababu hatukuiwasha. Na moshi wa nje ameupiga picha."

Suntali si mtu wa kuchelewa kuelewa. Ni mtu wa kuchelewa kukubali. Aliutazama ule moto wa uani, akawatazama kuku katikati ya mabomba, akakaa juu ya bomba moja, yai likapasuka, wala hakuinuka.

"Mungu wangu," alisema. "Tumejiogesha mpaka tumefutika."

Nilimfuata Bwana Sthapit alipokwenda kunawa. Nilimmiminia maji, maana ndiyo njia ya kumfanya mtu asiondoke.

"Kaka, samahani. Majiko tunayapikia kila siku. Tumeyasafisha kwa ajili yako."

"Najua, dada," alisema.

"Unajua?"

"Mama yangu naye nikienda nyumbani husugua mpaka mpini wa ufagio." Alifuta miwani, macho bado mekundu kwa pilipili. "Lakini fomu haimjui mama yangu. Fomu inauliza gesi imepungua? Haijapungua. Tope lipo? Halipo. Kuni zinatumika? Nimekula kuku wa kuni. Na niambie kweli, dada, mbali na leo, kuni hamzitumii kamwe?"

Nilitaka kusema kamwe. Lakini alikuwa ananitazama vizuri, na mimi uongo unanitoka vibaya, kama kiatu kikubwa.

"Tunapikia raksi," nilisema. "Na chakula cha nyati wakati wa baridi, gesi ikiwa nyonge. Wali, mboga, chai, hivyo vyote ni gesi."

"Hilo ningeliandika kama ningeliona."

"Basi lione. Pita kesho asubuhi kwa mama mdogo. Asijue."

"Nyumba za ukaguzi nimeshazimaliza leo, dada."

"Sikuambii ukague. Pita unywe chai."

Alicheka kidogo, akasema alale kwanza, kesho ataona. Alilala kwa Mwenyekiti, kwenye chumba kilichonukia udongo mbichi hata akapiga chafya mpaka tukamsikia uani.

Shida iliyobaki ilikuwa mama mdogo Harkamaya. Kumwomba aache jiko likae chafu ili mgeni alione ni kumwomba atembee sokoni bila blauzi. Mwenyekiti alijaribu kwa mbali, akamwambia siku hizi huko mjini jiko lenye mafuta mafuta linaonekana la heshima, linaonyesha mwenye nyumba anakula. Mama mdogo alimjibu, "Nife kwanza." Basi tukamwacha, na Mwenyekiti akamwambia tu kwamba mgeni ameshaondoka jioni ile, amempenda sana, ametuma salamu. Mama mdogo alifurahi, akalivua jiko shada, akaenda kulala kama mtu aliyemaliza harusi.

Habari ya asubuhi iliyofuata haisimulii. Hapo ndipo huinama akaanza kusugua mtungi wake, hata kama hauna uchafu. Kwa hiyo nitaisimulia mimi.

Kulipopambazuka nilimkuta Bwana Sthapit amekaa kizingitini kwa Mwenyekiti, kajifunika koti, mkoba magotini. Nilianza kutembea, na baada ya kidogo nikasikia viatu vyake nyuma yangu.

Mlango wa mama mdogo ulikuwa wazi na taa inawaka. Gesi ilikuwa inaunguruma. Juu ya jiko maziwa yalikuwa yamefura na kumwagika, yameungua kandokando rangi ya asali nyeusi, na mama mdogo amesimama kando yake amevaa sketi ya ndani na shati kuukuu la mumewe, nywele ziko wazi mpaka kiunoni, anakoroga mabaki ya kuku wa jana kwa mkono mmoja na kwa mwingine anamfukuza jogoo juu ya rafu. Kupitia mlango wa nyuma tulimwona nyati amerudi zizini na amefanya kazi ya usiku mzima. Ndoo ya kinyesi kibichi ilikuwa pale kizingitini, tayari kumiminwa shimoni.

Mkaguzi alikohoa kwa adabu.

Mama mdogo aligeuka. Alimwona mwanamume mwenye miwani. Nadhani kwanza alidhani ni mwizi, halafu akagundua ni mgeni, na hapo ndipo akapiga yowe la kweli.

"Uwii! Junmaya! Umeniletea mwanamume jikoni sijavaa!"

Akachota alichokikuta karibu, akarusha. Alichokikuta karibu ilikuwa ile ndoo. Donge zima lilimpata Bwana Sthapit begani, likatulia hapo kama ndege.

"Mama mdogo, ni mgeni!"

"Naona ni mgeni! Mwambie asiangalie! Jiko langu! Funga macho wewe mtoto!"

Na badala ya kukimbilia nguo, alikimbilia kitambaa. Alilirukia jiko na kitambaa chenye maji kuyafuta yale maziwa yaliyoungua. Bwana Sthapit, aliyekuwa bado mlangoni na kinyesi begani, mara akapaza sauti.

"Usipanguse, mama! Usipanguse!"

"Nisipanguse? Niache hivi? Mimi?"

"Tafadhali, mama, usipanguse!"

Nilimshika mkono wa kitambaa. Ana nguvu, ameteka maji miaka mingi kuliko mimi. Tulizunguka jikoni kama watu wanaocheza ngoma, yeye anavutia kwenye jiko, mimi navutia mlangoni, jogoo anapita katikati yetu, na mgeni anaruka huku na huku na simu yake pana akipiga picha: maziwa yaliyoungua, mshale wa gesi ulioshuka karibu na chini, nyati, ndoo, sufuria linalochemka. Nje watu walishaanza kujaa. Babu Jagbir alichungulia dirishani.

"Nini, wanaoa?"

"Wanakagua, babu!" nilisema.

"Enzi zetu tulikaguliwa tumesimama mstari."

Mwishowe mama mdogo alichoka, akakaa chini, akajifunika nywele usoni akalia kwa hasira. Bwana Sthapit alichuchumaa mbele yake, mbali kidogo na kitambaa.

"Mama, tangu nianze kazi hii, hili ndilo jiko zuri kuliko yote niliyoyaona."

"La jana," alisema ndani ya nywele. "Sema la jana."

"La leo."

"Mshenzi wewe," alisema mama mdogo, lakini kwa sauti ya mtu anayeanza kufikiria. Halafu akamuuliza kama anakunywa chai na tangawizi. Akampikia kwenye jiko lile lile, akiwa amelipa mgongo ili asilione. Mgeni alikunywa vikombe viwili. Lile donge begani hakuna aliyelitaja, kwa adabu.

Nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki. Ilikuwa saa ya kwenda majini, kwa hiyo nilikuwa na tenga langu na mtungi, na wenzangu walikuwa wanatupita njiani wanashuka, wanaziba midomo kwa mitandio ili wasicheke mbele ya mgeni. Alifunga mkoba nyuma. Alivaa kofia yake, akaivua.

"Dada, nisikudanganye. Siku ya ukaguzi ilikuwa jana. Ya jana yameshaingia. Chini ya fomu kuna nafasi ndogo ya maoni. Sijui kama kuna mtu huko ng'ambo anayeisoma."

"Nafasi inatosha maneno mangapi?"

"Machache."

"Kaka," nilisema, na mkanda ulikuwa umeshanikaa kichwani, kwa hiyo ilinibidi nimtazame kwa chini, "andika ulichokiona leo. Usiandike tulivyokuwa jana, jana tulikuwa wageni hata sisi wenyewe. Andika ya leo."

Alivaa kofia tena. Aliliona lile doa la kinyesi begani, lililokuwa limeanza kukauka, akainua mkono kulipangusa, mkono ukasimama hapo hapo, akaushusha. Akawasha pikipiki.

"Utaandika?" nilimpigia kelele.

Pikipiki ilikuwa inaunguruma. Aliinua kiganja, na kiganja kilichoinuliwa vile kinaweza kuwa ndiyo, kinaweza kuwa kwaheri. Alipokata kona ya chini nilisubiri mpaka vumbi likashuka, halafu nikaanza kushuka na mimi.